Grogon: Mahali Mlango wa Gari Kuukuu Unapovikwa Upya

Msomaji, ukitaka kujua umri wa gari usiangalie rangi yake. Rangi hununuliwa dukani. Fungua mlango, kisha utazame ule upande wa ndani, pale mkono wako unapopumzika dereva anapokata kona. Ikiwa gari ni la zamani, huenda ukaona ngozi bandia imejikunja pembeni kama chapati iliyolala, ubao ulio chini yake umevimba, na ukiugonga kwa kidole utasikia mlio wa vitu viwili vilivyoachana. Watu husema gundi imezeeka. Mimi naona gundi husingiziwa mno, na leo nataka nikupeleke mahali ambapo utajionea sababu kwa macho yako mwenyewe.

Mahali penyewe ni Grogon, jijini Nairobi. Hata kama huna gari, njoo tu. Wanafunzi hasa nawaalika, maana huko kuna somo la kemia lisilotozwa karo.

Panda matatu ya Barabara ya Thika na ushukie Globe, kwenye ule mzunguko uliorithi jina la sinema ya zamani. Barabara unayoitafuta imeandikwa Kirinyaga Road, nayo imebanwa kati ya River Road na Mto Nairobi. Ukimwuliza mpita njia kwa jina hilo huenda akasita kidogo. Mwulize Grogon, naye atakunyoshea kidole papo hapo.

Jina hilo lina kisa chake. Ewart Grogan alikuwa Mwingereza aliyevuma kwa kusafiri kutoka Cape hadi Cairo, safari aliyoikamilisha mwaka wa 1900. Baadaye alikuja huku akawa mlowezi na tajiri wa ardhi. Mnamo 1907 aliwachapa viboko hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi, Waafrika waliokuwa wakivuta rikisho. Jina lake liliondolewa barabarani, likawekwa lile la mlima wetu. Lakini ulimi wa raia una ukaidi wake. Ulilifinyanga jina la mlowezi likawa Grogon, na vijana wengi wanaolitaja leo hawajui mwenyewe alikuwa nani. Kwao Grogon ni spea, ni gereji, ni unga wa jioni.

Ukiingia barabarani, shika mkoba wako vizuri na uangalie unapokanyaga, kwa kuwa ardhi yenyewe imelowa oili ya miaka mingi. Mabampa yananing'inia juu ya milango ya maduka kama nyama buchani. Taa za nyuma zimepangwa mafungu mafungu utadhani ni nyanya za Marikiti. Kabla hujapiga hatua kumi, vijana wanne watakuwa wamekuzunguka: "Mdosi, ni nini? Saidi mira? Bampa? Radieta?" Usiogope. Hao ni madalali, na kazi yao ni kukupeleka dukani wapate chochote. Ukitaka kununua kitu njoo na kile cha zamani mkononi, ukionyeshe bila maneno mengi. Anayeanza kwa kusema hajui anachotafuta atauziwa kila kitu isipokuwa hicho.

Kuna kichekesho cha tangu zamani kwamba ukiibiwa saidi mira asubuhi, nenda Grogon adhuhuri ukainunue. Wenye maduka hawakipendi, na wengi wao wana haki ya kutokipenda. Mtu anayelipa kodi ya duka na kufungua saa moja asubuhi kila siku hafurahii kuitwa mwizi kwa mzaha.

Mafundi wa injini na wa bodi ndio wenye kelele. Wao hugonga, hupuliza, hunguruma. Sisi tunamtafuta fundi wa viti, na huyo ni mkimya. Utamtambua kwa cherehani nzito ya kushonea ngozi, kwa vipande vya sponji vilivyotapakaa miguuni, na kwa harufu tamu, kali kidogo, inayokushika kooni kabla hujamwona mwenyewe. Hiyo ndiyo gundi. Tutairudia baadaye, kwa maana harufu hiyo ina mambo.

Siku niliyopita hapo, mzee mmoja fundi wa viti alikuwa ameinama kwenye mlango wa Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe. Gari hilo liliachwa na marehemu babake mama mmoja aliyekuwa amesimama kando, mikono kiunoni. Kaka zake walitaka liuzwe kwa kilo kama chuma chakavu, yeye akakataa. Alikuwa amelipa injini, amelipa breki, amelipa rangi, na sasa pesa zilikuwa zinakwisha.

"Fundi, si upake gundi hapo hapo tu mlangoni, nijiendee?" akauliza.

"Mama, nikiipaka hivi tutaonana tena mvua zikianza," mzee akajibu bila kuinua kichwa. "Gundi bado. Kwanza tujue haya maji yanatoka wapi."

Msomaji, jibu hilo ndilo lililonifanya nikae hapo hadi jioni.

Pengine wengine hawajui ninachosema, basi tuelewane. Mlango wa gari ni sanduku la bati. Ndani yake mna kioo, mna mtambo wa kukipandisha na kukishusha, mna kitasa. Upande unaoelekea abiria huwa wazi, una matundu makubwa, na matundu hayo ndiyo hufunikwa na kile mafundi wanachokiita paneli. Katika magari mengi ya miaka ya 1950 hadi 1970, Volkswagen ikiwemo, paneli ni ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, jamaa ya hadibodi ya kabati lako. Juu ya ubao huwekwa tabaka jembamba la pamba au sponji, na juu ya hilo huvutwa ngozi bandia ambayo kingo zake hukunjwa nyuma na kugandishwa. Kisha paneli nzima hubanwa mlangoni kwa klipu za chuma.

Sasa tazama mvua inaponyesha. Maji huteremka kwenye kioo. Ule mpira unaokisugua kioo chini kabisa huyazuia mengi, si yote. Yanayobaki huingia ndani ya lile sanduku la bati, na wala hilo si kosa. Waliolitengeneza gari walijua yataingia. Ndiyo sababu walitoboa vijitundu chini ya mlango ili yatoke. Na ili yasirukie ubao, waliweka karatasi ya lami au ya plastiki kati ya bati na paneli, wakaigandisha ukingoni pande zote.

Karatasi hiyo ndiyo inayokufa kwanza, na inauawa na mafundi. Fundi wa kwanza anafungua mlango kurekebisha kioo, anairarua ili aingize mkono. Akimaliza anasema ni karatasi tu, anaitupa. Gari linaendelea. Vumbi la njia za murram linaziba vijitundu vya chini, maji yanakaa mlangoni kama kwenye sufuria, ubao unayanywa kutoka chini kwenda juu, unavimba, na gundi iliyoshika ubao haina tena pa kushika. Ngozi inaachia. Mwenye gari anailaumu gundi. Anapeleka gari, linapakwa gundi nyingine juu ya ubao mbovu, na baada ya msimu mmoja mambo ni yale yale. Bati nalo linaoza taratibu upande usioonekana.

Mzee alipoitoa paneli ya yule mama, chini yake hakukuwa na karatasi yoyote. Alichukua waya akazibua vijitundu, na maji ya kahawia yakamwagika kwenye viatu vyake, hali mvua haikuwa imenyesha siku hiyo. Mama akashika mdomo.

Namna alivyoitoa paneli yenyewe ilipendeza kutazama. Alifungua kwanza skrubu za mkono wa kushikia, akatoa kipini cha kuzungushia kioo, kisha akachomeka kisu kipana kisicho na makali karibu kabisa na klipu ya kwanza, akainua kidogo, klipu ikalia "tak!" Akasogea kwa ya pili. Wengi hushika ukingo kwa vidole na kuvuta kwa nguvu, na ubao ulioloa hupasuka palepale kwenye tundu la klipu, kisha klipu haina pa kukaa milele. Klipu zote alizitia kwenye mkebe wa maziwa ya watoto. Ubao mbovu hakuutupa. "Huu ndio ramani," aliniambia. Juu ya hadibodi mpya, ya unene wa milimita tatu, aliulaza ule wa zamani, akafuata ukingo wake kwa kalamu, akahamisha kila tundu mahali pake. Akikosea tundu moja kwa nusu sentimita, alisema, paneli itakataa kukaa hata ukiibembeleza.

Baada ya kukata na kupiga msasa, aliupaka ubao vanishi pande zote mbili, na zaidi kwenye kingo. Hapo ndipo ubao hunywea maji, kingoni. Kiwandani hawakutumia vanishi bali waliushindilia ubao kwa dawa za kuzuia maji. Wapenzi wa magari ya kale watakwambia hiyo si asili ya gari. Ni kweli. Lakini ubao wa asili hukuukuta, ulikwisha kuwa uji.

Vanishi ilipokuwa ikikauka, tulikuwa na muda wa kwenda kutafuta ngozi. Fuata Kirinyaga Road uelekee Racecourse Road, kisha utembee hadi Kariokor. Soko hili limechukua jina la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, wengi wao wasirudi makwao. Leo hapo ni mahali pa ndala za ngozi, mishipi, vyondo, na nyama choma siku za mapumziko. Washona viatu wa Kariokor na mafundi wa viti wa Grogon ni ndugu wa tumbo moja: mkasi mmoja, uzi mmoja, gundi moja. Usidanganyike kununua ngozi halisi kwa ajili ya Volkswagen ya kawaida. Gari hilo lilitoka kiwandani likiwa na ngozi bandia ya plastiki, na kulivika ngozi ya ng'ombe ni kumvisha mwalimu joho la jaji. Tafuta ngozi bandia yenye kitambaa mgongoni, kwa maana kitambaa ndicho kinachoshika gundi. Ivute kwa mikono miwili. Ikinyooka kidogo na kurudi, nunua.

Haya basi, gundi.

Nilimwuliza mzee kwa nini asitumie ile gundi nyeupe ya maseremala, isiyo na harufu. Alicheka. Gundi ile hukauka maji yake yanapotoka, na hutoka kwa kupenya mbao. Ngozi ya plastiki haipitishi maji, kwa hiyo katikati hubaki tope kwa siku nyingi. Na ikishakauka, mlango ukiloa inalainika upya. Ile nyingine ya matone, inayoganda mara moja na kukunasa vidole, hukauka ikawa kama kioo. Mlango wa gari hutikisika siku nzima, na kioo hakipendi kutikiswa. Kuna pia silikoni ya kuzibia madirisha. Ikiwa ina harufu ya siki, basi inapokauka hutoa asidi, na asidi ikilala juu ya bati utaita kutu uje kula.

Gundi inayofaa ni ile ya manjano ya washona viatu na jamaa zake. Kemia yake ni rahisi. Ni mpira, mara nyingi ule unaoitwa neoprini, ulioyeyushwa katika kimiminika chepesi kama tolueni. Unapaka pande zote mbili, ubao na ngozi. Kimiminika kinaruka hewani, mpira unabaki. Pande mbili zikikutana, mpira unaushika mpira, basi, imekwisha. Hakuna kungoja wala kurudia. Ukiweka kombo, imekaa kombo.

Kuna siri moja ambayo mafundi wengi hawaijui, na wenye magari hulipia kutojua huko. Ngozi bandia ya PVC imekuwa laini kwa sababu ndani yake mmetiwa mafuta ya kulainishia. Mafuta hayo hayatulii. Gari likipigwa na jua huhama polepole. Ule ukungu wa mafuta unaoupangusa ndani ya kioo cha mbele, sehemu yake ni hayo. Mengine huhamia kwenye gundi ya manjano na kuilainisha nayo, hadi inageuka ulimbo unaonata vidoleni bila kushika kitu. Ndiyo maana paneli iliyogandishwa vizuri kabisa inaweza kuachia baada ya miaka michache bila tone la maji kuigusa. Kwa hiyo unapokwenda dukani usiseme tu "nipe gundi." Sema unataka gundi ya kugandishia PVC, inayostahimili joto. Nyingi za aina hiyo zimetengenezwa kwa poliyurethani, na gharama yake iko juu kidogo. Ndani ya gari lililofungwa vioo na kuachwa juani, joto hupanda kupita lile la nje kwa mbali sana. Wakazi wa Mombasa hawahitaji kuambiwa.

Jioni hiyo mzee alianza kugandisha. Ngozi aliianika juani dakika chache ilainike, kisha akailaza kifudifudi juu ya meza iliyotandikwa magazeti. (Sikutazama ni gazeti gani. Kuna mambo mwandishi ni heri asiyajue.) Alikuwa ameikata ikubwa kuliko ubao kwa kiasi cha sentimita tatu kila upande. Sponji aliikamata ubaoni kwa gundi kidogo sana, madoa ya hapa na pale, kwa kuwa gundi ikizama kwenye sponji huganda vinundu, na vinundu hivyo vitaonekana juu ya ngozi kama matuta ya viazi.

Kisha akapaka kingo, ubao na ngozi, kwa brashi, tabaka jembamba. Akaweka brashi chini. Akakaa.

Huu ndio wakati unaowashinda vijana. Mwanagenzi wake, kijana wa miaka kumi na minane hivi, alikwisha nyoosha mkono. "Bado," mzee akasema. Dakika tano zikapita. Akagusa kwa mgongo wa kidole. Gundi ikavuta uzi mwembamba kama wa buibui. "Bado." Ikiwa gundi inavuta uzi, kimiminika bado kimo ndani, na ukiikunja ngozi sasa hivi utakifungia humo; kitatafuta pa kutokea kesho juani na kuinua mapovu. Alipogusa tena, baada ya kama robo saa, kidole kilitoka kikavu. Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, hungoja zaidi, na siku ya manyunyu huacha kabisa, kwa kuwa kimiminika kinaporuka hupoza uso wa gundi na unyevu wa hewani hutua juu yake kama umande. Gundi yenye umande haishiki. Wateja humkasirikia kwa hilo.

Alianzia katikati ya upande mrefu wa juu. Akakunja ngozi nyuma, akabonyeza. Akahamia katikati ya upande wa chini, akavuta kidogo, akabonyeza. Kisha kushoto, kisha kulia. Pembe aliziacha mwisho. Kwenye pembe za mviringo alikata vijipembetatu vidogo kwa mkasi ili ngozi ikunjike bila kurundikana, akihesabu asikate hadi ukingoni maana mkato ungeonekana mbele. Upande ule mrefu alitia karatasi ya kaki kati ya ngozi na ubao, akawa anaivuta kidogo kidogo huku akibonyeza nyuma yake, ili ngozi isinase kabla haijanyooka. Mwishoni akazungusha chupa ya soda juu ya kingo zote kwa uzito wa mwili wake.

Alipoigeuza, mama hakusema neno. Alipitisha kiganja juu yake kutoka pembe hadi pembe, taratibu, kama mtu anayetandika kitanda.

Nilisema nitairudia ile harufu. Tolueni hulewesha. Fundi anayefanya kazi ndani ya chumba kilichofungwa huanza kuumwa kichwa, kisha kizunguzungu, na miaka ikipita huharibu ubongo, ini na figo. Pia hushika moto haraka. Kiberiti karibu na mkebe ulio wazi kinatosha kuteketeza duka. Mzee hugandishia nje, penye upepo, na sigara hairuhusiwi karibu na meza yake. Lakini wengi kule hawana nje. Wana kibanda cha mabati cha hatua tatu kwa nne, na mlango hufungwa kwa sababu ya vumbi. Kijana anayejifunza kazi humo huvuta gundi siku sita kwa wiki bila kuitamani, na huita hiyo kazi. Ukimpelekea fundi gari lako, muulize anapakia wapi, na kama ni chumbani, mwombe atoke nje hata ikiwa utangoja siku nyingine.

Na kuna wanaoitamani. Aliyeishi Nairobi katika miaka ya 1990 anawakumbuka watoto wa mitaani pale pale Globe na River Road, chupa ya plastiki imening'inia mdomoni, macho yako mbali. Ndani ya chupa mlikuwa na gundi hii hii ya viatu na viti. Iliwapunguzia njaa na baridi ya usiku, na ikawala. Hawajaisha mjini. Mtoto akija mezani kwa mzee na kichupa chake, hapewi. Hupewa chai na mkate, na hufukuzwa akizidi. Mafundi wengine huuza, tena wanajua wanachofanya. Sioni haja ya kutafuta neno la upole kwa jambo hilo.

Paneli mpya haifungwi siku hiyo hiyo. Iache mahali palipo kavu usiku mzima, ikiwa imelala juu ya uso ulionyooka, pamoja na uzito kidogo. Siku ya pili ndipo karatasi ya plastiki inawekwa mlangoni. Zamani mafundi walipasua mifuko ya dukani wakaitumia. Tangu mifuko hiyo ilipopigwa marufuku nchini mwaka wa 2017, hununua ile plastiki nene ambayo waashi hutandaza chini ya sakafu ya saruji, nayo ni bora zaidi. Ukingo wake wa chini lazima uingie ndani ya mlango, usitoke nje, ili maji yateremke kwenye vijitundu badala ya kuteremkia mazulia. Wengi hugeuza, wakashangaa kwa nini miguu yao huloa.

Je, kazi yote hii ni ya nini, na gari lenyewe thamani yake ni ndogo? Kwa wengine ni mashindano. Katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road hufanyika maonyesho ya Concours d'Elegance yanayoandaliwa na chama cha wenye Alfa Romeo, na waamuzi wake hawaridhiki na rangi. Huingiza kichwa ndani, hutazama viti, hutazama milango. Kwa wengine ni historia. Volkswagen kama hii ndiyo iliyomfikisha Alan Dix mbele katika Safari ya kwanza kabisa mwaka wa 1953, ilipokuwa ikiitwa Coronation Safari, na Tommy Fjastad akashinda nayo tena 1962, kwenye njia ambazo zingeng'oa klipu za mlango wowote. Kobe wa mwisho alitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka wa 2003, baada ya zaidi ya milioni 21 kutengenezwa duniani. Mwaka huo huo Safari Classic ya magari ya kale ilianzishwa hapa kwetu.

Yule mama hakuwa na habari na mashindano. Alisema babake aliwapeleka shuleni wote saba kwa gari hilo, na kwamba aliyeketi karibu na mlango alikatazwa kuubandua ule ukingo kwa kucha. Wote waliubandua.

Ukiwa na gari lako la zamani nyumbani, jaribu hivi kabla hujatafuta fundi. Chukua kijiti au waya, uchunguze vijitundu vya chini ya kila mlango. Mwaga kikombe cha maji juu ya kioo kilichofungwa, na usikilize yanakwenda wapi. Yakitoka chini haraka, una bahati, na huenda kazi yako ni ya gundi tu. Yasipotoka, fungua paneli leo, kabla ya masika. Na ukifunga mlango wa Volkswagen, shusha kioo kidogo kwanza. Gari hilo limezibwa vizuri mno hata hewa hukosa pa kutokea, na ukiubamiza mlango unaitikisa paneli iliyogandishwa jana.

Saa kumi na mbili kasoro, Grogon huanza kufunga. Mabampa huteremshwa, madalali hupungua, matatu za Globe huongeza sauti. Mzee alikifunika kifuniko cha mkebe wa gundi, akakigonga pande nne kwa kitako cha nyundo mpaka harufu ikakatika, akautia mkebe ndani ya sanduku la chuma, akafunga kufuli mbili.